Barua kwa mwanangu: kupata chuma na zinki bila kuzidisha chumvi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Unasema himoglobini yako, yaani kipimo cha wingi wa damu, imekutwa 10, ilhali kwa mwanamke asiye mjamzito haitakiwi kushuka chini ya 12, na papo hapo daktari amekuonya kwamba shinikizo la damu limeanza kupanda, hivyo upunguze chumvi. Sasa umekwama, kwa sababu vyakula ulivyovikimbilia ili uongeze damu, yaani maharagwe ya kopo, nyama za kusindikwa na supu za pakiti, ndivyo hivyo hivyo vinavyokujaza chumvi.

Hebu chukua kopo moja la maharagwe, uligeuze, usome maandishi madogo ya nyuma. Mara nyingi utakuta wameandika sodiamu badala ya chumvi, nawe utazidisha kwa 2.5 ili upate chumvi yenyewe. Ikiwa kila gramu 100 zina miligramu 300 za sodiamu, na wewe ukala gramu 240, umekwisha kula takriban gramu 1.8 za chumvi kwa mlo mmoja, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai. Makopo uliyokwisha kununua usiyatupe. Mwaga maji yake, suuza maharagwe vizuri kwenye chujio, na sehemu nzuri ya chumvi itaondoka na maji hayo.

Hata hivyo, ningependa uzoee maharagwe na dengu kavu. Ziloweke usiku kucha, umwage maji uliyolowekea, kisha uzipike kwa maji mapya. Kuloweka huko hakufanywi kwa ajili ya kuokoa moto pekee. Nafaka na kunde zina kitu kiitwacho fitati, ambacho hushikamana na chuma na zinki tumboni, madini hayo yakapita bila kufyonzwa, na zinki ndiyo inayoumia zaidi. Kuloweka, kuotesha na kuchachusha hupunguza fitati, na ndiyo maana mkate uliochachuka vizuri kwa hamira ni bora kuliko usiochachuka.

Kikombe cha dengu zilizopikwa kina takriban miligramu 6.6 za chuma, na mwongozo wa Marekani unampa mwanamke wa umri wako miligramu 18 kwa siku, pamoja na 8 za zinki. Lakini kilichomo kwenye sahani si chote kinachoingia kwenye damu. Chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida kuliko cha nyama, isipokuwa kikipata msaada wa vitamini C. Kwa hiyo kamulia ndimu juu ya dengu zikiwa tayari mezani, kwa kuwa moto huiharibu vitamini hiyo. Ukali wa ndimu utakufanya usiikumbuke sana chumvi, na katika yote ninayokuandikia leo, hili ndilo ningependa ulianze kesho.

Chai na kahawa ziache hadi saa moja au mbili baada ya kula. Hapa nakiri kosa langu mwenyewe: nilipoandikiwa vidonge vya chuma miaka ile, nilivimeza kwa chai kila asubuhi kwa miezi mitatu, na nilipopimwa tena damu ilikuwa karibu palepale. Nikamlaumu daktari bure.

Zinki ina jambo moja ambalo watu hawalijui. Ikipungua mwilini, ulimi hupoteza makali ya kuonja, chakula kikaonekana kimepooza, na mkono ukaenda kwenye chumvi. Mwili hauna akiba kubwa ya zinki, kwa hiyo uipate kila siku: nyama mbichi unayoipika mwenyewe, mayai, chaza ukiwapata, au konzi ya mbegu za maboga zisizotiwa chumvi. Maini nayo yana chuma kingi, na mara moja kwa wiki yanatosha, ila siku utakapopata ujauzito uyaache kwa sababu ya wingi wa vitamini A.

Vidonge usijinunulie kwa kubahatisha. Chuma na zinki vikimezwa pamoja tumbo likiwa tupu hugombania njia, na zinki ikizidi kwa muda mrefu huzuia shaba, ambayo nayo damu inaihitaji. Chumvi kidogo utakayobaki nayo iwe yenye madini joto. Mwanzoni chakula kitakuwa kama hakina ladha, lakini vumilia wiki chache, ulimi utazoea.

Ukipimwa tena, niandikie namba zote mbili, ya damu na ya shinikizo.

Baba yako