Kijana mrefu asikimbilie chuo kikubwa Marekani

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na wazazi wa hapa Tanga, pamoja na walimu wa michezo wa Usagara, Galanos, Popatlal na kwingineko, wenye kijana mrefu anayeahidiwa chuo Marekani kwa ajili ya mpira wa kikapu. Ahadi nyingi zinatolewa kana kwamba tuko bado enzi za Hasheem Thabeet, aliyetoka Dar es Salaam, akacheza chuo cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi kuu ya kulipwa ya kikapu Marekani. Wakati ule kocha wa chuo kikubwa alikuwa radhi kumchukua kijana wa futi saba ambaye hajaiva na kumlea miaka miwili mitatu. Siku hizi anasajili aliyekwisha kulelewa na mwenzake.

Kinachomwezesha ni potali ya uhamisho, yaani orodha ya mtandaoni ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo, iliyoanza Oktoba 2018. Mchezaji anaandika ombi, chuo chake kina siku mbili za kazi kuliingiza jina, kisha makocha wengine wanaruhusiwa kumtafuta. Zamani aliyehama alikaa nje msimu mzima. Tangu 2024 anaweza kuhama tena na tena bila kukaa nje, mradi masomo yake yako sawa. Dirisha la kuingia kwenye potali mwaka 2025 lilidumu siku 30 tu, na kwa muda mfupi kama huo kocha anatafuta senta, yaani mchezaji mrefu wa karibu na ringi, wa miaka 22 mwenye mwili uliokomaa na takwimu za kusomeka. Timu ya chuo cha Michigan ilipoteza michezo 24 msimu wa 2023/24. Akaja kocha Dusty May, akasajili warefu wawili, Vladislav Goldin aliyemfuata kutoka Florida Atlantic na Danny Wolf wa Yale, na msimu uliofuata timu ikashinda michezo 27. Ukiwa kocha unayeweza kufukuzwa kazi, hutamngoja mtoto wa miaka 18 akue.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu: kijana aanzie chuo kidogo atakakocheza dakika nyingi, naye apande kupitia potali hiyohiyo. Yaxel Lendeborg alianzia chuo cha miaka miwili, Arizona Western, akaenda UAB, chuo cha Alabama kilichoko Birmingham, na 2025 akachukuliwa na Michigan.

Maandalizi yaanze hapa. Mpimeni bila viatu, visigino ukutani, kitabu kigumu kimelazwa kichwani. Pimeni pia mkono ulionyooshwa juu huku nyayo ziko chini, maana ringi iko mita 3.05 na wawili wenye kimo kimoja wanaweza kutofautiana sana kwa ufikiaji. Kwenye michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, msihesabu rebaundi tupu. Hesabuni mipira iliyokosa kikapu akiwa uwanjani, kisha angalieni kaokota mingapi. 6 kati ya 30 ni asilimia 20, na namba hiyo inasema kitu hata kama alicheza nusu tu ya mchezo.

Kinachowaangusha warefu wengi ni faulo. Mchezo una dakika 40 na faulo tano zinakutoa. Anayefanya moja kila dakika tano anaondoka dakika ya 25. Chanzo kwa kawaida ni miguu: anachelewa kufika, anajaribu kufidia kwa kushusha mkono, refa anapuliza. Afundishwe kufika mapema na kusimama mikono wima, kifua kipokee mgongano. Mazoezi ya kuruka yawekewe kiasi, kwani saruji ya viwanja vyetu inaumiza magoti. Na video itakayotumwa iwe mchezo mzima, imepigwa kutoka juu usawa wa mstari wa kati, namba ya jezi ionekane. Vipande vya dunki havimwonyeshi kocha kama kijana anarudi kulinda baada ya kukosa.

Masomo yana uzito uleule. Kwa kanuni za 2025, Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, inadai masomo 16 ya msingi ya sekondari na wastani wa alama 2.3 kati ya 4, na mchezaji ana misimu minne ndani ya miaka mitano. Miaka hiyo huanza kuhesabiwa siku anapojiunga na chuo chochote kwa masomo ya muda wote, hata hapa nchini. Kila uhamisho unaweza kumpotezea masomo yasiyokubaliwa kwingine, ilhali mwisho wa mwaka wa pili anatakiwa awe amekamilisha asilimia 40 ya shahada, wa tatu 60, wa nne 80. Tena, akishaingia kwenye potali, chuo anachokiacha kinaweza kumwondolea udhamini muhula ukiisha. Mgeni asiyepata chuo kingine yuko hatarini kupoteza na viza.

Kuhusu fedha, tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo, lakini viza ya mwanafunzi, F-1, inabana sana kazi. Oscar Tshiebwe wa Kongo, mchezaji bora wa vyuo mwaka 2022 akiwa Kentucky, ilibidi afanye matangazo yake Bahamas. Wakala anayemwahidi mzazi dola za kila mwezi aombwe maoni ya mwanasheria wa uhamiaji kwa maandishi, na asipoyaleta, msitie saini.

Makocha wa vijana,
Chumbageni, Tanga