Mhariri, si kila kitu cha Naijeria ni juju

Mhariri, salaam. Nasoma gazeti lenu miaka mingi, sijawahi kuwaandikia hata mara moja, hata ile siku mlipokosea tarehe ya Idi nilinyamaza. Lakini ile habari yenu ya Jumapili kuhusu imani za Wanaijeria, neno juju, yaani uchawi, nimelihesabu mara kumi na nne kwenye ukurasa mmoja, imenishinda.

Mwandishi wenu kawachukua Wahausa, Waigbo na Wayoruba kawatia sufuria moja kakoroga. Eti Wanaijeria wanaabudu sanamu za mapacha, afu mistari miwili chini, Wanaijeria wanaua mapacha. Sasa unamuuaje unayemuabudu? Zamani sehemu za Uigbo na kwa majirani zao wa Calabar mapacha walikuwa mkosi, walitupwa porini, hilo lipo. Kwa Wayoruba ni kinyume, mapacha ni baraka, wanaitwa ibeji, na mmoja akifa anachongewa kisanamu cha mti, mama anakiogesha, anakivisha, anakilisha, ili yule aliyebaki asije akamfuata mwenzie. Yule si mungu jamani, ni mtoto.

Hapo ndo mliponigusa. Mimi ni Doto. Kulwa wangu alifariki tukiwa na miaka minne, surua. Ukubwani nikaenda kutafuta maisha Ibadan, mji wa Wayoruba, miaka sita natengeneza majenereta, na pale karakana kulikuwa na mzee wa Kiyoruba, siku aliyosikia mimi pacha akauliza nani alitangulia kutoka, nikamwambia Kulwa, akacheka akasema basi mkubwa ni wewe. Kwao wa kwanza anaitwa Taiwo, katumwa na mwenzie atangulie kuionja dunia kama inafaa, anayebaki nyuma ni Kehinde na ndo kaka mtu, maana anayetumwa siku zote ni mdogo. Yaani miaka yote najijua mdogo kumbe ni mimi niliyemtuma. Siku naondoka akaniletea kisanamu alichonichongeshea, akasema usimwache mwenzio huku. Kimekaa juu ya kabati langu Tandika miaka mitatu hakijamdhuru hata mende. Mwaka jana nasafiri kidogo tu, narudi kabati tupu! Shemeji yangu kakiona, kakumbuka filamu zake za Kinaijeria, kaita watu wa maombi, wamekimwagia mafuta ya taa pale uani wamekiimbia mpaka usiku, mtaa mzima umejaa, na mpaka leo watoto wananiita mganga wa Kinaijeria, mteja mmoja kaja kachukua jenereta lake halijaguswa hata boliti. Sasa Jumapili shemeji huyo huyo ananiletea gazeti lenu kalikunja vizuri, kapiga mstari kwa peni nyekundu, ananiambia si unaona, imeandikwa.

Na hizo filamu nazo, maana nimeshazitaja. Hao wanaozitia Kiswahili kila mzee mwenye shanga kwao ni mganga anaroga. Babalawo, kuhani wa Kiyoruba, anarusha opele, mnyororo wake wa kuagulia, anasoma beti za Ifa, elimu yao ya kuagua, wao wanatuambia eti anamuua mke mwenza. Ifa ina odu, yaani sura za beti zake, 256, mtu anakaa miaka anakariri, hata UNESCO waliipa heshima yake mwaka 2005, sisi tunasikia "nakuroga wewe mwanamke". Na Eshu ndo usiseme, mjumbe wa miungu, mkorofi kidogo wa njia panda, Biblia ya Kiyoruba ikamfanya Shetani, na aliyeitafsiri ni Myoruba mwenyewe, askofu Crowther. Kwa hiyo silaumu vijana wa kutafsiri peke yao.

Halafu kituko cha mwisho, Wahausa "huabudu upepo". Wahausa wengi ni Waislamu, hilo mwandishi kalisahau, hiyo anayoisema ni bori, ibada ya zamani ya pepo, imebaki kwa Maguzawa, Wahausa ambao hawakusilimu, na wengine wachache. Kweli iska kwa Kihausa ni upepo, na ndo hilo hilo jina la pepo. Kwani sisi pepo na upepo tumeokota wapi? Kule kila iska ana wimbo wake, goge, zeze lao, inalia mpaka ampande mtu wake. Mtu wa pwani aliyewahi kusogelea ngoma ya pepo hashangai hata kidogo, ila mwandishi wenu anashangaa kama kashuka na ndege kutoka Ulaya.

Ushauri. Mtumeni huyo kijana kwa mzee wa Kiigbo, akae chini simu imezimwa, asubiri kola, ile kokwa ya kukaribishia wageni, ipasuliwe, mzee amwombe Chukwu, Mungu wao mkuu, aiombe na chi, roho mlinzi, ya kila aliyekuja, yote kwa Kiigbo maana wenyewe wanasema kola haisikii Kiingereza. Ni dua ndefu, na njaa itauma. Akimaliza hapo akariri odu 16 zile kubwa, 240 zilizobaki utamalizia wewe Mhariri.

Na kisanamu changu mkilipe. Tafuteni fundi, si lazima Mmakonde, mpingo ni mzito mno, mti wa kawaida unatosha. Urefu sentimita 25, mikono imeshuka ubavuni, macho makubwa, sura ya mtu mzima ingawa ni mtoto. Wa kiume. Nguo nitamshonea mwenyewe.

Doto,
Tandika, Dar es Salaam