Asilimia ya mashine si ushahidi wa wizi

Mhariri,

Ripoti yenu ya wiki iliyopita, iliyovisifu vyuo kwa kununua programu za kutambua kazi zilizoandikwa na akili mnemba, imenitoa kwenye ukimya wa miaka. Mwandishi wenu alizungumza na wakuu wa vyuo, akazungumza na wauzaji wa programu. Mwanafunzi aliyeshitakiwa bure hakumtafuta hata mmoja. Basi nimejitokeza mwenyewe.

Nilikuwa mwaka wa mwisho. Barua pepe iliingia Ijumaa jioni, ofisi zimekwisha fungwa: kazi yangu imebainika kuandikwa na mashine, alama zimezuiwa, nifike mbele ya kamati ya nidhamu. Sehemu gani ya kazi? Haikusema. Nilipomwendea mhadhiri alinigeuzia kompyuta nikaona asilimia kwa rangi nyekundu, basi. Nikamwomba anionyeshe sentensi moja tu anayoitilia shaka. Akajibu kwamba yeye si mtaalamu wa programu. Kwenye kamati nilipeleka daftari langu, rasimu zote, na historia ya faili inayoonyesha kila aya ilivyoandikwa, ikafutwa, ikaandikwa tena. Nikaomba wanihoji palepale, hoja kwa hoja, rejea kwa rejea. Hakuna aliyefungua daftari. Mwenyekiti akaniuliza, "Kwa hiyo unataka kusema mashine inadanganya?" Ndiyo, Mhariri, nilitaka kusema hivyo na bado nasema. Programu hizi hazijui nani kaandika. Nyingi hupima jinsi neno linalofuata linavyotabirika, na sisi tunaosomea kwa lugha ya kujifunza darasani huandika sentensi zilizonyooka, zenye msamiati wa kawaida, jinsi tulivyofundishwa. Kwa hilo tunaonekana mashine! Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizipitisha insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wale ambao si lugha yao ya kwanza, zote zimeandikwa na binadamu, kwenye programu 7 za aina hiyo. Kwa wastani, zaidi ya asilimia 61 ya insha hizo zilihesabiwa kuwa za mashine. Mwaka huohuo kampuni ya OpenAI, iliyoitengeneza ChatGPT, akili mnemba inayoandika, iliiondoa programu yake yenyewe ya utambuzi kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Chuo Kikuu cha Vanderbilt cha Marekani nacho kilikizima kitambuzi cha akili mnemba cha Turnitin, programu ya kukagua kazi za wanafunzi, kikieleza kwamba hata kosa la asilimia 1 tu, kwa kazi 75,000 zilizopitishwa kwenye Turnitin mwaka 2022, lingezihesabu kazi 750 za wasio na kosa kuwa za mashine. Haya yote yapo wazi kwa yeyote anayetaka kusoma. Kamati iliyokuwa na maisha yangu mkononi haikusoma.

Shtaka lilifutwa wenzangu wakiwa wamekwisha vaa majoho na kuondoka. Barua ya kunisafisha ilikuwa na mstari mmoja, bila neno pole. Waliokuwa wakininong'ona hawakuiona.

Na wale wanaowauzia wanafunzi kazi zilizokwisha andikwa mbona hamwaandiki? Wanajulikana, wanatangaza biashara yao hadharani, na kazi iliyoandikwa na mtu wa kulipwa inaweza kupita kwenye programu hizi salama kwa sababu kweli imeandikwa na mtu. Anayeweza kuigundua ni mhadhiri anayemjua mwanafunzi wake na aliyeiona kazi tangu ikiwa rasimu. Mhadhiri huyo amebebeshwa madarasa mengi hata hana muda wa kusoma, kisha chuo kinachukua fedha ambazo zingemwajiria msaidizi na kuzinunulia programu. Hilo linaniuma kuliko hata lile shtaka.

Napendekeza hivi. Chuo kinachomshitaki mwanafunzi kimpe, ndani ya siku 3, nakala ya kazi yake ambayo mhadhiri mwenyewe amezipigia mstari kwa kalamu sentensi anazozishuku, akaandika pembeni sababu, na kutia sahihi. Kisha mwanafunzi ahojiwe kwa mdomo kwa dakika 20 juu ya kazi hiyo, mbele ya mwalimu wa idara nyingine, na asilimia ya programu isitajwe kabisa katika kikao hicho. Shtaka likianguka, barua ya kumsafisha isomwe darasani, mbele ya walewale waliosikia tuhuma, na msomaji awe ni yule aliyemshitaki.

Msomaji wenu wa siku nyingi