Barua kwa Kaka na Dada, Mkunazini

Birmingham, Uingereza

Wapendwa Kaka na Dada,

Shikamooni. Mimi ni mzima, na baridi nimeizoea. Nawaandikia nyote wawili katika karatasi moja kwa makusudi, ili msipate kuisoma kila mtu chumbani kwake.

Nilipopiga simu wiki iliyopita, Kaka alikuwa akinieleza habari za kwaya, mara nikasikia mlango wa uani ukilia, naye akanyamaza mpaka nyayo za Dada zilipopita. Kimya kile kiliniuma sana. Mnakula chungu kimoja na mnapiga magoti mbele ya altare moja, lakini tangu Pasaka hamsalimiani kwa sababu ya ngoma na kayamba vilivyoingizwa ibadani.

Mwajua kwamba mimi ni mtu wa kinanda, na wa nyimbo zile za kale ambazo Mama aliziimba katika kitabu alichokishona upya kwa uzi wa magunia. Hata hivyo, sioni mahali ambapo Bwana wetu aliuweka wokovu katika kinanda. Warumi waliogombania chakula na siku, Mtume Paulo hakuwalazimisha kubadili vyakula vyao. Katika sura ya 14 ya waraka wake kwao aliwaagiza wasihukumiane, na mwenye imani yenye nguvu asimkwaze aliye dhaifu.

Najua Kaka atanitajia Askofu Frank Weston wa Zanzibar, ambaye baada ya mkutano uliofanyika mahali paitwapo Kikuyu, Kenya, mwaka 1913 aliwashitaki kwa uzushi maaskofu wenzake wa Kianglikana wa Mombasa na Uganda, kwa sababu ya mpango wa ushirikiano na madhehebu mengine na komunyo waliyoshiriki pamoja. Ni kweli, lakini yeye, awe alipatia au alikosea, aliamini kwamba msingi wenyewe wa Kanisa umeguswa. Kayamba limegusa msingi gani, Kaka? Nakuomba, kwa kuwa wewe ndiye mkubwa, waachie vijana Jumapili zao mbili kwa mwezi, nawe Dada usidai ya tatu.

Hilo la ngoma mtalimaliza kwa siku moja. Ninaloliogopa ni yale maneno mliyotupiana mbele ya wanakwaya, ya kuitana mnafiki na mpagani, maana maneno hayo hayaondoki kwa kupanga zamu. Hayo yanataka mtu aseme, "Nimekukosea, nisamehe," na mwingine asiulize nani alianza. Paulo alikataa kufuatana na Marko, aliyewaacha njiani katika safari ya kwanza, hata akaachana na Barnaba, lakini katika waraka wa pili kwa Timotheo anaomba Marko huyo huyo aletwe, kwa kuwa anamfaa, na ya safari ile ya zamani hakuyafukua.

Jumapili nitapiga simu saa kumi jioni, kwa saa za huko Unguja. Tafadhali iwekeni simu juu ya meza ya Mama, mkae wote wawili, na Dada ndiye apokee.

Mdogo wenu awapendaye