Mita 60 zipimwe kuanzia wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalotusumbua sisi tunaoishi kando ya Ziwa Nyasa, wilayani Kyela, katika kijiji kisicho mbali na Matema, ambako magati ya watu binafsi yameanza kugombanisha majirani waliozikana na kuoleana kwa miaka mingi.

Mimi na jirani yangu tunatenganishwa na safu ya minyaa iliyopandwa na wazazi wetu, nayo inaishia kwenye mwembe ulio juu kidogo ya mchanga. Kutoka mwembe ule hadi majini hapakuwa na mpaka, kwa kuwa hakuna aliyewaza kwamba mtu angekuja kudai mchanga. Mwaka jana, maji yaliporudi nyuma, jirani yangu aliurefusha uzio wake hadi ziwani, akasimika nguzo za gati la mbao, na nilipomuuliza akanionyesha karatasi yenye mhuri. Niliisoma yote. Ilitaja urefu wa gati na aina ya mbao, lakini haikusema kiwanja chake kinaishia wapi, wala kama kuna jirani aliyesikilizwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Lakini ukingo huo ni upi, wakati ziwa letu hupanda kwa mvua za masika na kushuka kiangazi kizima? Mwezi Mei mawimbi hufika karibu na mizizi ya mwembe. Mwezi Novemba natembea hatua zaidi ya 30 kutoka mwembe huohuo kabla sijalowa miguu. Anayepima Novemba atajiona yuko mbali na ziwa, na kazi yake itakutwa na maji masika yajayo.

Jirani yangu, ambaye namheshimu na ambaye kweli anahitaji mahali pa kushushia wageni, anasema kiwanja hufuata maji. Sikubaliani naye. Ardhi ya nchi hii ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na hatimiliki ya kimila hutolewa kwa eneo lenye mipaka. Sioni vipi ienee kwa sababu tu ziwa limepungua. Mchanga ule ni njia ya wote. Jioni moja nilimwona mama wa Kikisi aliyeshuka na vyungu kutoka kwenye mtumbwi akizunguka nguzo zile, maji yakimfika kiunoni, chungu kikubwa kichwani, kwa kuwa uzio ulikuwa umeziba njia ya kwenda sokoni.

Ninachoomba ni kwamba kabla ya kibali kingine kutolewa, serikali ya kijiji, wapima ardhi wa halmashauri na wataalamu wa bonde la Ziwa Nyasa wafike pamoja mwezi Mei, si Novemba, wasimike bikoni pale maji yanapofikia kimo cha juu, na majirani wa pande zote mbili watie saini. Wazee wawili walioshuhudia minyaa ile ikipandwa wangali hai, na bado wana nguvu za kutembea hadi ufukweni kuonyesha mpaka.

Msomaji wako,
Kyela, Mbeya