Serikali itueleze: amri za matunzo ya watoto zinatekelezwa na nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwaulize wenye dhamana swali ninalokutana nalo mara kwa mara katika kazi yangu ya usaidizi wa kisheria hapa Morogoro. Baba anapoamriwa na mahakama kutoa fedha za matunzo ya mtoto, au anapotia saini makubaliano ya namna hiyo mbele ya afisa ustawi wa jamii, ni nani katika Serikali anayefuatilia kama fedha hizo zimetolewa baada ya karatasi kupigwa muhuri? Nauliza kwa sababu katika eneo jirani kabisa na hili, yaani la ruzuku kwa kaya maskini, ufuatiliaji upo, tena wa karibu sana, na anayefuatiliwa ni mama.

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaotekelezwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania (TASAF) tangu mwaka 2012, umeambatanisha sehemu ya ruzuku yake na masharti. Mtoto mdogo apelekwe kliniki, na aliyefikia umri wa shule ahudhurie masomo angalau asilimia 80 ya siku zinazotakiwa. Mwalimu anajaza fomu, mhudumu wa zahanati anajaza yake, taarifa zinapanda hadi makao makuu, na kaya isiyotimiza masharti hukatwa fedha. Sina ugomvi na utaratibu huo, kwa kuwa nimeona watoto wakibaki darasani kwa sababu yake. Lakini mtu akienda kwenye ofisi ya kijiji siku ya malipo, akatazama foleni ile ya kina mama wenye watoto mgongoni na kina bibi wanaolea wajukuu, atagundua upesi kwamba wengi wa watoto hao wana baba walio hai, wanaojulikana kwa majina yao, kwa vijiwe wanavyoegesha bodaboda, kwa machimbo wanayofanyia kazi na hata kwa ofisi walizoajiriwa. Mama anaulizwa mtoto alikosa shule siku ngapi. Baba huyo haulizwi na mtu yeyote amekosa kuleta fedha miezi mingapi.

Wala hatuwezi kusema kwamba sheria haipo. Zamani ilikuwa hoja ya haki kabisa, kwa kuwa chini ya sheria ya kale iliyohusu watoto waliozaliwa nje ya ndoa, Sura ya 278, mahakama haikuweza kumwamuru baba kutoa zaidi ya shilingi 100 kwa mwezi, kiwango kilichoendelea kukaa vitabuni hata wakati ambapo fedha hiyo haikutosha kununua kiberiti na chumvi. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 iliifuta. Kifungu chake cha 8 kinamtaka mzazi ampatie mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na malezi. Kifungu cha 44 kinaielekeza mahakama, inapopanga kiasi cha matunzo, itazame kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaomtegemea mtoaji, pamoja na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Na anayekiuka wajibu huo, kwa mujibu wa kifungu cha 14, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Ningependa sana kusikia ni wazazi wangapi wameadhibiwa chini ya kifungu hicho tangu kilipoanza kutumika, nje ya zile kesi za ukatili zinazotangazwa redioni.

Tatizo liko katika safari anayotembea mama kutoka kwenye sheria hiyo hadi kwenye sahani ya mtoto. Nitaieleza kama inavyofanyika katika ofisi nyingi za ustawi nilizowasindikiza watu, bila kuitaja ofisi yoyote, maana maafisa wenyewe mara nyingi ni wawili au watatu kwa eneo kubwa na wengi wanajitahidi. Mama anafika asubuhi, anakaa kwenye benchi, anasikilizwa, na malalamiko yake yanaandikwa kwenye daftari kubwa la kaunta lililopigwa mistari kwa rula. Kisha anaandikiwa hati ya wito, na hati hiyo anakabidhiwa yeye mwenyewe aipeleke kwa baba wa mtoto. Yule yule aliyepigwa, au aliyefukuzwa, au aliyezuiwa kwenye simu kwa sababu ya kudai hela ya uji, ndiye anayegeuzwa kuwa tarishi wa Serikali. Akiogopa, ataambiwa apitie kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye pengine ni rafiki au ndugu wa mlalamikiwa. Baba asipofika siku iliyopangwa, mama anaandikiwa wito wa pili, kisha wa tatu, na kila mara nauli ni yake.

Baba akifika, mara nyingi wanaafikiana. Kiasi kinaandikwa, kwa mfano shilingi 50,000 kwa mwezi, kila mmoja anatia saini au dole gumba, na shauri linahesabiwa kuwa limemalizika kwa usuluhishi. Mwezi wa kwanza fedha zinakuja kwa njia ya simu. Mwezi wa pili zinakuja nusu. Kuanzia hapo mama anapigwa kalenda, na akirudi ofisini anaambiwa kwamba sasa suala hilo ni la mahakama. Mahakama ya Watoto nayo ikishatoa amri, amri hiyo haitembei yenyewe: baba asipolipa, ni juu ya mama kurudi kuomba kukazia hukumu, yaani kuiomba mahakama imlazimishe baba kutii amri yake, jambo ambalo wengi hata hawajui kama lipo, achilia mbali kujua fomu yake inajazwaje. Nimewahi kumsaidia dada mmoja muuza mboga ambaye kwa hesabu yake mwenyewe alikuwa ametumia kwenye nauli, kurudufu nyaraka na kufunga meza siku za kesi zaidi ya fedha zote alizowahi kupokea kutoka kwa mzazi mwenzake. Alipoacha kwenda mahakamani, hakuna ofisi iliyomtafuta kumuuliza kwa nini.

Ukitaka kujua nani awajibike kwa hali hii, utazungushwa. Afisa ustawi wa jamii ni mtumishi wa halmashauri, na halmashauri ziko chini ya TAMISEMI, yaani Ofisi ya Rais inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Sera ya mtoto iko katika Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Dawati la Jinsia na Watoto liko chini ya Jeshi la Polisi. Amri inatolewa na Mahakama, ambayo ni mhimili unaojitegemea na haipaswi kuingiliwa. TASAF nayo ina uongozi wake. Kila mmoja anaweza kusema kwa ukweli kabisa kwamba kipande chake amekifanya, na mtoto akalala na njaa kati ya vipande hivyo vitano.

Tusijifanye kwamba ukubwa wa tatizo haujulikani. Mwezi Aprili 2018, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, aliwaita ofisini kwake wanawake waliotelekezewa watoto, na nchi nzima iliona picha za maelfu ya kina mama waliofurika pale na watoto wao wakisubiri kusikilizwa. Walikuwepo waliokosoa, na mimi ni mmojawapo, kwa sababu aibu ya mtoto haipaswi kuwa tamasha na mambo ya familia hayasuluhishwi mbele ya kamera. Lakini wanawake wale hawakwenda kutafuta kamera. Walikwenda kwa sababu ofisi za kawaida, zilizoundwa kwa ajili ya shida yao hiyo hiyo, ama zilikuwa zimewashinda kufika au zilikuwa zimewaacha njiani. Taarifa kamili ya umma inayoeleza waliosikilizwa pale waliishia wapi, wangapi wanapokea matunzo hadi leo na wangapi walirudi mikono mitupu, ingekuwa somo kubwa kwa watunga sera.

Kuna wanaosema Serikali haina uwezo wa kukusanya fedha za matunzo kutoka kwa kila mtu. Kwa waajiriwa, hoja hiyo ni dhaifu mno. Tangu sheria ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake, na mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kukata na kuwasilisha. Mdaiwa haandikiwi wito wa kwanza na wa pili, wala Bodi haimtumi mtu dhaifu kuliko wote kwenda kumgongea mlango. Serikali inapodai deni lake inajua njia ya kulifikia, na njia hiyo inapita kwenye orodha ya mishahara. Mtoto wa mtumishi wa umma, wa mwalimu, wa askari au wa karani wa kampuni mwenye amri halali ya mahakama anastahili njia hiyo hiyo, ianze kutumika tangu siku amri inapotolewa badala ya kusubiri mama arudi kuomba baada ya malimbikizo ya mwaka mzima.

Kwa wasioajiriwa jambo ni gumu zaidi, nakubali. Mchimbaji mdogo wa Mahenge au kibarua wa mashamba ya miwa Kilombero hana kipato cha kutabirika, na wapo baba ambao kweli hawana kitu, si kwamba wanaficha. Wapo pia mama wanaotumia amri ya matunzo kuwakomoa wenzao, au wanaomzuia mtoto asimwone baba yake ilhali wanapokea fedha zake. Hao nao sheria inawahusu. Hata hivyo, ugumu wa kumtoza asiye na mshahara hauwezi kuwa sababu ya kutomtafuta. Laini zetu za simu zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba za NIDA, na malipo mengi ya mitaani siku hizi yanapita kwenye simu hizo hizo. Inashangaza kidogo kwamba nchi inayoweza kumtambua mtu kwa kidole anaponunua laini inashindwa kumpelekea hati ya wito. Pale ambapo itathibitika kwamba baba hana uwezo, basi ijulikane hivyo rasmi, na hapo ruzuku ya Serikali ichukue nafasi yake bila kumwacha mama akikimbizana na kivuli.

Natoa tahadhari moja, nisije nikaeleweka vibaya. Sipendekezi kaya iondolewe kwenye orodha ya TASAF eti kwa sababu kuna baba anayepaswa kulipa, wala mama anyimwe ruzuku hadi amtaje. Uingereza ilianzisha wakala wake wa kukusanya matunzo mwaka 1993, na kwa miaka mingi fedha zilizotolewa na baba wa watoto wa mama anayeishi kwa ruzuku zilikatwa kwenye ruzuku hiyo, kiasi kwamba aliyepata nafuu ilikuwa Hazina na si mtoto. Iliwachukua hadi mwaka 2010 kuacha kabisa kuyahesabu matunzo kama kipato cha kupunguza ruzuku hizo. Hatuna haja ya kupita njia hiyo. Fedha ya baba iongezwe juu ya ruzuku kwa muda wa kutosha hadi kaya isimame, na swali la nani baba na kama anatoa chochote liulizwe na watu wa ustawi, kwa faragha, si kwenye mkutano wa kijiji ambapo majina ya kaya husomwa.

Ninachodai ni hesabu. Wizara ikitaja bungeni idadi ya mashauri ya matunzo yaliyopokelewa na yaliyosuluhishwa, hiyo inatueleza jinsi ofisi zilivyokuwa na kazi. Haituelezi mtoto alipata nini. Tuambiwe kila mwaka, halmashauri kwa halmashauri, ni makubaliano na amri ngapi zilikuwa hai, ngapi zililipwa kikamilifu, ngapi zililipwa nusu, malimbikizo ni kiasi gani, na ni hatua gani zilichukuliwa dhidi ya wasiolipa. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hufanya ukaguzi wa ufanisi katika sekta mbalimbali. Naomba safari moja ausogeze kwenye ofisi za ustawi, afungue yale madaftari ya kaunta na kuwafuata kina mama kumi kumi walioandikwa humo kwamba mashauri yao yamemalizika. Vilevile halmashauri zipige marufuku mara moja desturi ya kumkabidhi mlalamikaji hati ya wito. Hilo halihitaji bajeti wala marekebisho ya sheria, linahitaji waraka mmoja tu kutoka TAMISEMI, kwa kuwa kila kata ina mtendaji na kila mtendaji ana mgambo.

Ikiwa hesabu ya nchi nzima ni kazi ya muda mrefu, basi Wizara ianze na halmashauri moja ya mkoa huu, yoyote itakayoichagua yenyewe, na ituletee majibu yake katika ukurasa huu huu wa barua kabla Bunge halijapitisha bajeti ijayo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Msaidizi wa kisheria,
Morogoro