Risala ya Mafundi wa Maji na Majirani wa Mabwawa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Choo Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Bwana RDC, mwakilishi wa Rais wilayani, Mwenyekiti wa LC5, baraza la wilaya, viongozi wa dini, wenyeviti wa LC1 za vijiji mliofika kabla hata ya viti, walimu na wanafunzi, wafanyakazi wenzetu wa pampu na mabomba, mabibi na mabwana.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha leo, tarehe 19 Novemba, kando ya mabwawa ya maji taka ya mji wetu. Wewe, Mheshimiwa, tunakushukuru kwa namna ya pekee kwa kukubali kuketi upande huu, ambako upepo unaelekea. Wageni waliokutangulia waliomba hema lihamishiwe ng'ambo ya barabara, nasi tukalihamisha. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumekungoja sana, na kupona bado.

Historia ya kikundi hiki ni fupi na tutaifupisha zaidi. Tulianza kama chama cha mafundi cha kuweka na kukopa. Wakajiunga majirani wa mabwawa waliochoshwa na harufu, kisha walimu wa sayansi wa sekondari ya jirani. Leo tuna katiba, muhuri na akaunti ya benki. Akaunti haina kitu, lakini ipo. Risala tunaisoma kwa Kiswahili kwa sababu hapa mpakani mwa Uganda na Kenya Msamia, Mteso, Mganda na dereva wa lori la Mombasa hawana lugha nyingine ya kugombania maji wakaelewana.

Mheshimiwa, mafanikio yetu ni makubwa mno. Tumeanzisha daftari la dizeli, ambamo kila lita inayoingia kwenye jenereta ya pampu huandikwa na kutiwa saini. Zamani dizeli iliingia na kutoka kwa imani. Tumeziba vali ya pale sokoni, iliyovuja tangu baadhi yetu tukiwa shule ya msingi. Tumepanda miti, na habari ya miti tutairudia. Tena tumejenga kituo cha kupima mtiririko wa maji taka, cha kwanza cha aina yake katika kaunti ndogo hii: fimbo ya mvule yenye alama za sentimita, iliyosimikwa kwenye mfereji unaoingia bwawani. Usiku mlinzi huisoma kwa tochi.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe.

Watu wakisikia habari za gesi zinazoipasha dunia joto, hutazama moshi wa malori yaliyojipanga pale forodhani. Hakuna anayetazama maji. Hata sisi tulianzia kwenye umeme, maana ndio unaoleta bili. Kuinua tani moja ya maji mita 100 kwenda juu kunahitaji zaidi kidogo ya robo ya uniti, hata kama pampu haipotezi nguvu yoyote, na zetu zinapoteza. Lakini umeme wa Uganda kwa sehemu kubwa unatoka mto Nile: kituo cha Nalubaale tangu 1954, cha Bujagali tangu 2012, na sasa cha Karuma chenye megawati 600. Kaboni yake ni kidogo. Ndiyo maana mtu anayehesabu kaboni ya huduma ya maji kwa kusoma bili ya umeme pekee atatoka akijipongeza. Umeme ukikatika tunawasha jenereta, na kila lita ya dizeli hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ukaa. Hiyo tunaiandika daftarini. Ila kaboni yetu kubwa haimo kwenye bili wala kwenye daftari. Iko nyuma ya kiti chako, Mheshimiwa, kwenye lile bwawa la kwanza linalotoa mapovu.

Mapovu yale kwa sehemu kubwa ni methani. Bwawa likiwa na kina kinachozidi mita 2 na hewa isifike chini, uchafu huoza bila oksijeni na kutoa gesi hiyo, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha joto takriban mara 27 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Maji taka hutoa pia nitrasi oksaidi, na hiyo ni mara 273. Walimu wetu walipiga hesabu kwa mwongozo wa IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi. Mwongozo unasema mtu mmoja barani Afrika huachia gramu 37 za BOD kwa siku, yaani uchafu unaopimwa kwa oksijeni unayoihitaji ili uoze. Ukizidisha kwa siku za mwaka na kwa vizidishio ambavyo mwongozo unatoa kwa bwawa lenye kina kirefu, unapata karibu kilo 6.5 za methani kwa mtu mmoja, sawa na kilo 175 za hewa ukaa. Watu 1,000 wanafikisha tani 175. Kuzitoa kwa jenereta kungehitaji zaidi ya lita 64,000 za dizeli. Mhasibu wetu aliposikia hivyo alifunga daftari lake la dizeli akaomba maji ya kunywa.

Lakini Mheshimiwa, hesabu hiyo ni ya kukisia. Gramu 37 ni za Afrika nzima. Hazijui kwamba machinjio yetu humwaga damu usiku, wala kwamba magari ya kunyonya vyoo huja hapa kumwaga shehena za vyoo vya shimo. Ipo programu iitwayo ECAM, ya bure katika intaneti, iliyotengenezwa mahsusi kwa huduma za maji na maji taka, na imekwisha kutumika Jordan, Mexico, Peru na Thailand. Tuliijaza wenyewe. Ilipouliza dizeli tulijibu kwa daftari. Ilipouliza umeme tulijibu kwa bili. Ilipouliza ni mita ngapi za ujazo za maji taka huingia kwa siku, tulitazamana, kisha tukaandika kile kilichosemwa na fimbo.

Na fimbo, pamoja na sifa tulizoimwagia hapo juu, hudanganya. Matambara yakinasa, kina hupanda bila maji kuongezeka. Mvua ikinyesha, maji ya barabarani huingia chemba na fimbo huzama kabisa. Mlinzi naye ni binadamu. Kuna usiku ambao kina hakikubadilika hata sentimita moja hadi alfajiri, na sote tunajua sababu.

Kwa hiyo ombi letu ni moja: mita. Tunaomba mfereji wa kupimia wa aina ya Parshall, kihisi cha kupima kina juu yake, kisanduku cha kuhifadhi kumbukumbu na paneli ndogo ya sola, pamoja na kipimo cha BOD maabara mara moja kwa mwezi. Hatuombi mtambo. Tunajua kule Bugolobi, Kampala, kuna mitambo iliyojengwa kukamata gesi hii na kuifanya umeme, na tunaitamani. Hapa kwetu hata turubai la kufunika bwawa la kwanza, na bomba la kuichoma gesi, vingepunguza madhara pakubwa, kwa kuwa methani ikiungua hugeuka hewa ukaa. Ila kila mwenye fedha za tabianchi tuliyemwandikia anauliza swali lilelile: mnatoa kiasi gani leo? Asiyejua alikoanzia hawezi kuonyesha amepunguza nini, na fedha huenda kwa aliyepima.

Nchi yetu ina Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2021, na mwaka 2022 iliahidi kwamba ifikapo 2030 gesi hizi zitakuwa pungufu kwa asilimia 24.7 kuliko ambavyo zingekuwa bila hatua yoyote. Ahadi hiyo ina desimali. Sisi tunaosimamia mabwawa hatuna hata namba nzima.

Mheshimiwa, si mara ya kwanza ombi hili kusomwa. Mgeni rasmi mmoja aliahidi mita mbele ya halaiki kama hii. Makofi yakapigwa, picha zikapigwa, na picha tunazo. Aliyemfuata alisema suala liko mezani. Tumeshindwa kujua ni meza gani, na tulizunguka ofisi nyingi tukiitafuta. Wa tatu alitusikiliza kwa makini, akaandika, na baada ya miezi lori likaja. Tulikimbia kulipokea. Lilikuwa limebeba miche. Tuliomba mita, tukapewa miti. Tuliipanda kwa heshima zote, na ndiyo hii inayokupa kivuli sasa hivi, kwa hiyo hatusemi kwamba ahadi hazijazaa chochote.

Wala hatusemi haya kwa kulalamika. Ahadi ni deni, nasi tunaamini wewe hukurithi madeni ya wengine. Ndiyo sababu hatukuombi uahidi. Profoma tatu, yaani hati za bei za wauzaji, ziko kwenye bahasha aliyoishika Mweka Hazina, na zina muda wake. Za awali zilikwisha muda tukisubiri. Ndani yake mna barua ya kuidhinisha yenye nafasi ya jina, saini na tarehe. Kalamu ipo. Tukiipata mita kabla ya mvua za Machi, tutakuwa na vipimo vya miezi kadhaa, vya masika na vya kiangazi, na Novemba ijayo tutakusomea namba badala ya risala.

Mengine yapo: uzio, mabuti, glavu na posho ya mlinzi. Hayo yasubiri, hatutaki yaikimbize mita.

Baada ya risala hii, kabla ya chakula, Fundi Mkuu atakupeleka mferejini akuonyeshe mahali pa kuifunga. Ni hatua chache na njia imefyekwa. Mabuti ya mpira yapo, na namba ya mguu wako tuliiuliza kwa dereva wako.

Tunaomba kuwasilisha.

Kwa Mungu na Nchi Yangu.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi wote